Pale Sauti Zinapokutana

Kambini, Oman
12 Machi 1995

Habiba mke wangu,

Assalam aleikum. Ramzi akishakukabidhi katoni hizi mbili na amplifaya yenye deki ya kanda, mpe chai na umshukuru sana, maana amezilinda njia nzima kama mtu aliyebeba mayai. Ndani ya katoni ni spika. Ndiyo, zile nilizokuwa nazitaja mpaka ukanikataza kuzitaja.

Sasa nisikilize na usicheke. Unajua kazi yangu hapa ni kutengeneza mashine za baridi katika nyumba za wakubwa. Mwezi uliopita nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya mashine ya mhandisi mmoja, naye akaweka muziki wa udi. Habiba, nilimsikia mpiga udi akivuta pumzi kabla hajaanza. Nikageuka nikidhani kuna mtu ameingia. Tangu siku hiyo namfikiria Mama na kile kiredio chake. Miaka yote hii anasikiliza taarabu iliyokaangwa kwa mafuta. Nataka asikie muziki ulivyo angali na masikio yake mazuri. Ndiyo maana nimezitanguliza, mimi nitafuata mkataba ukiisha mwakani.

Utafanya hivi. Usiziweke kwenye kabati la vyombo wala usizisukume pembeni mwa chumba, zitanguruma tu. Tafuta matofali uziinue, zifikie sikio la mtu aliyekaa. Spika mbili na kiti cha msikilizaji viwe kama mafiga matatu, nafasi sawa kila upande. Pale kwenye figa la tatu ndipo sauti zinapokutana, na hapo ndipo Mama akae. Waya ziko ndani ya katoni. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, ukizipishanisha besi inakufa. Na tafadhali, naujua mkono wako, usizivishe vitambaa vya kufuma. Najua hata jagi la maji kwetu lina kitambaa chake, lakini spika ukiifunika umeiziba mdomo.

Kisha uniandikie unachosikia, wala usinifiche kitu. Simu ya hapa ni ya wakubwa, kwa hiyo tutafanya kwa barua. Wewe uwe masikio, mimi nitakuwa fundi.

Wako,
Faki


Machakos
9 Aprili 1995

Mume wangu Faki,

Waaleikum salaam. Katoni zimefika salama. Ramzi alikunywa chai, akala na mahamri, kisha akakimbilia basi la Mombasa.

Spika ni nzuri sana. Sauti ni kubwa. Inanguruma kidogo kama ulivyosema, lakini ni nzuri. Mama amefurahi, anakusalimu, na anasema umekonda kwenye picha. Vitambaa sijaweka.

Mvua imeanza. Huku sote tuko salama.

Mkeo,
Habiba


Machakos
11 Aprili 1995

Mutindi rafiki yangu,

Tangu wakuhamishe shule ukaenda Kangundo, ukuta wetu hauna tena mtu wa kuugonga kuomba chumvi. Mpangaji aliyeingia chumbani kwako ana chumvi yake na hana maneno. Kwa hiyo inabidi nikuandikie, kwa sababu nina jambo linanikaba na hapa sina wa kumwambia.

Mama mkwe wangu ni mgonjwa. Si ule ugonjwa wa magoti unaoujua. Ni uvimbe tumboni, na hospitali wamesema umeshaenea, wametupa dawa za maumivu na kutuambia tumtunze nyumbani. Nilitaka kumwandikia Faki siku hiyo hiyo. Mama akanishika mkono akanizuia. Unakumbuka nilivyokusimulia, Faki alivyoacha kazi Mombasa kwa sababu ameambiwa Mama yuko mahututi? Alipofika alimkuta jikoni anakuna nazi, homa imeshuka. Kule kazi ikapewa mtu mwingine, na Faki akakaa miaka akizunguka mji huu na bisibisi mfukoni. Mama hajajisamehe mpaka leo. Sasa ananiambia, "Ukimwambia, sina radhi na wewe." Mutindi, kwetu neno hilo likishatoka kinywani mwa mzazi hakuna wa kulichezea. Nikakubali.

Nimemhamishia sebuleni kwa sababu chumba chake kina unyevu. Zile spika sijazifungua hata utepe. Nimezibandika katoni moja juu ya nyingine kando ya kitanda chake, ndizo meza yetu ya dawa na chupa ya chai. Juu yake nimetandika kitambaa cha kufuma, kile kile alichonikataza Faki. Ningewashaje muziki juu ya kichwa cha mgonjwa? Na bado nimemwandikia mume wangu kwamba sauti ni nzuri na Mama amefurahi. Sijawahi kumdanganya tangu anioe. Nilipoibandika ile stempu nilijiona mwizi.

Niombee kwa namna yenu.

Habiba


Kangundo
20 Aprili 1995

We Habiba,

Salamu kutoka huku kwa maparachichi, mahali hata ng'ombe wameyachoka. Niko na huzuni sana juu ya Mama. Yule ni mwaitu, mama yangu pia. Ndiye alinifundisha kupika mahamri, na mpaka leo yangu hayafuri.

Lakini sasa wewe unajipeleka pabaya. Mimi nafundisha watoto wa darasa la nne, na uongo naujua vile hukua. Mtoto anakuambia kitabu kimepotea. Kesho lazima akuambie kilipotelea wapi. Keshokutwa inabidi kuwe na mbwa aliyekikula, na huyo mbwa awe na jina. Huyo bwana wako ataandika akuulize, hiyo besi iko namna gani? Utamjibu nini, na wewe redio unajua tu kufungua na kufunga?

Mwambie. Radhi ni ya Mama, sawa, siwezi kuingilia mambo ya dini yenu. Lakini kijana naye ni wake, na akikosa kumwona mamake atakuuliza wewe, hatauliza yule aliyelala. Mimi nimesema. Ukinikasirikia, kasirika pole pole.

Mutindi


Kambini
2 Mei 1995

Habiba,

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Umeandika inanguruma kidogo. Hilo neno nimekwenda nalo kazini, nimerudi nalo. Zisogeze mbele, ziachane na ukuta kwa urefu wa mkono. Ukuta wa mkabala tundika zulia au blanketi zito, sauti isirudi ikagongana na mwenzake. Ikibaki inanguruma, punguza besi kidogo kidogo, kama unavyotia chumvi.

Halafu niambie hili, ndilo jambo kubwa. Mwimbaji akiimba, sauti yake inatoka spika ya kushoto, au ya kulia, au inasimama katikati pale hewani, pasipo na kitu? Ikisimama katikati, kazi yetu imekwisha. Na uandike kwa urefu. Umeniandikia kama mtu anayelipia simu ya upepo kwa kila neno. Mwulize Mama ni wimbo gani umemgusa. Jioni za huku hazina kitu, mimi muziki wangu ni barua yako.

Faki


Machakos
28 Mei 1995

Mume wangu Faki,

Nimefanya yote uliyosema, zulia na mkono mmoja kutoka ukutani.

Amesimama katikati, Faki. Mwimbaji. Nilifumba macho na ningeweza kukuonyesha kwa kidole alipo. Besi haingurumi tena kama lori, inapita chini ya nyayo halafu inaondoka. Nilisikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi, ule mkwaruzo mdogo kabla ya noti nyingine. Sikujua kama muziki una vitu vidogo hivyo ndani yake. Nilikaa hapo mpaka nikasahau chai jikoni. Sasa nimeelewa kwa nini ulikuwa unazitaja kila siku, na nisamehe kwa kukukataza.

Mama hajambo. Analala sana siku hizi, ni baridi, unaijua Machakos ukungu ukishuka kutoka vilima vya Iveti.

Mkeo,
Habiba


Machakos
14 Juni 1995

Mutindi,

Ulisema kweli na mimi sikukusikia. Sasa soma ujue rafiki yako ni mtu wa namna gani.

Faki aliuliza, kama ulivyosema ataniuliza. Nikaenda kwa Mutua, yule fundi wa redio nyuma ya soko. Ana spika zake mbili kubwa anazojaribia amplifaya za watu. Nikamwambia mume wangu anataka kujua habari za spika, naye akafurahi kupata mtu wa kumsikiliza. Akaniwekea kigoda mahali panapofaa. Nilikwenda kuiba maneno tu ya kutia kwenye barua. Lakini Mutindi, niliupenda ule muziki. Nilirudi tena, na tena, hata barua ilipokuwa imekwenda zamani. Pale kwenye kigoda hapakuwa na harufu ya dawa wala mtu anayeugua, na mimi sikuwa mkwe wa mtu. Nikirudi nyumbani Mama ananiambia soko leo lilikuwa na watu, nami naitikia.

Jumanne aliniomba uji. Nikamwambia narudi sasa hivi, nanunua maziwa. Maziwa nilinunua. Halafu Mutua akanionyesha kanda mpya iliyoletwa kutoka pwani, nikasema nisikie wimbo mmoja. Nilisikiliza upande wa kwanza, ukageuzwa, nikasikiliza na wa pili.

Niliporudi nikamkuta Mama jikoni chini, sufuria pembeni yake, unga umemwagika hadi mlangoni. Alikuwa anajipikia huo uji. Nyonga imeumia na hasimami tena. Nilipomwinua aliniambia, "Nilidhani umesahau, mwanangu, sikutaka kukusumbua." Hakusema kwa hasira. Heri angenitukana.

Usinijibu upesi. Sitaki mtu wa kuniambia si kosa langu.

Habiba


Kambini
25 Juni 1995

Habiba,

Leo nilikuwa natafuta soksi. Chini kabisa ya sanduku langu, ndani ya mfuko wa viatu, nimekuta waya za spika. Nyekundu na nyeusi, nilizikata mwenyewe, nikazikunja vizuri, nikasahau kuzitia kwenye katoni.

Spika bila waya haitoi hata mkwaruzo. Nilikaa kitandani nikijaribu kukutetea. Nikasema labda amenunua nyingine mjini. Lakini mtu akifungua katoni akakosa waya, neno la kwanza atakaloandika ni, Faki, waya ziko wapi? Wewe hukuandika. Kwa hiyo katoni hukuzifungua, au hazimo tena nyumbani mwangu.

Hilo ningelimeza. Kinachonishinda ni barua yako ya Mei. Ile si ya kubuni. Hakuna mtu anayeweza kubuni vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi. Ulisikia, tena ulikuwa umekaa mahali pazuri, umefumba macho, umesahau chai jikoni. Ilikuwa nyumba ya nani, Habiba? Nani alikuwekea kiti?

Nilikuambia usinifiche kitu. Miezi yote hii nalala jangwani nikipanga sebule yangu kichwani, zulia hapa, Mama pale, na wewe unanichekea. Sijui hata kama salamu zangu unamfikishia Mama. Labda na zake unazibuni.

Faki


Machakos
16 Julai 1995

Faki,

Sina salamu nzuri, kwa hiyo naanza na lenyewe. Mama ni mgonjwa sana. Ni uvimbe wa tumboni, tangu kabla Ramzi hajaleta spika. Aliniapisha kwa radhi yake nisikuambie, usije ukaacha kazi kwa ajili yake mara ya pili. Mwezi uliopita alianguka jikoni, na sasa hainuki. Kitanda chake kiko sebuleni, na katoni zako zilikuwa meza ya dawa zake. Hukukosea, sikuzifungua. Kiti unachouliza kilikuwa kigoda cha Mutua, fundi wa redio nyuma ya soko, mchana, watu wakipita. Nilikwenda kusikiliza spika zake ili nipate cha kukuandikia. Hapana nyumba ya mtu yeyote.

Barua yako ilipofika Mama alitaka nimsomee, kama kawaida. Ningemsomea vipi yale? Nikamsomea barua nyingine kutoka kichwani, kwamba hujambo, soksi zako zimetoboka na unamwombea. Akafurahi na soksi. Jioni akaniambia nirudie. Nikarudia, akanikatiza, "Asubuhi alikuwa na soksi, sasa hana soksi. Nisomee ilivyo." Nikamsomea ilivyo, Faki, neno kwa neno. Kisha akasema, "Nimewavuruga watoto wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Radhi zangu unazo. Mwandikie aje." Halafu akasema kama spika zimeleta ugomvi wote huu, basi angalau azisikie.

Mutua alileta waya. Tuliweka matofali, tukatundika zulia, kitanda cha Mama tukakisogeza kwenye figa la tatu kama ulivyotaka. Mama hakutaka kanda ya dukani, alitaka ile ya harusi yetu, ile aliyorekodi marehemu mjomba kwa redio yake. Tumeisikiliza mara ngapi kwenye kiredio, na siku zote ni vigelegele na kelele. Safari hii ilikuwa kila mtu amesimama mahali pake. Katikati ya wimbo wa pili, kwa nyuma, upande wa mlango, kuna mtu anauliza, "Mama ameshakula?"

Ni wewe, Faki. Siku ya harusi yako, wageni wamejaa, na wewe unauliza kama mamako amekula. Miaka yote ilikuwa humo ndani na hakuna aliyewahi kuisikia. Mama alinyoosha kidole kuonyesha pale uliposimama. Alitaka irudishwe nyuma, tukairudisha, akataka tena.

Njoo. Nimekudanganya na nakubali, utaniambia la kuniambia ukifika, lakini njoo kwanza.

Habiba


SIMU YA UPEPO
MUSCAT 8 AGOSTI 1995
KWA HABIBA MACHAKOS
BARUA IMEFIKA LEO. NAJA. MWAMBIE ANISUBIRI. NISAMEHENI. FAKI


Machakos
24 Septemba 1995

Mutindi rafiki yangu,

Asante kwa kuja matangani, na kwa ndizi na maparachichi, tuliyala mpaka wageni wa pwani wakauliza yanatoka wapi. Ulikuwepo simu ile ya Faki ilipoletwa, wanaume ndio kwanza wametoka kumzika Mama, kwa hiyo hiyo sikusimulii. Ulipoondoka Faki alikuwa bado njiani.

Alifika akaenda moja kwa moja makaburini na begi lake. Nyumbani alinipa mkono wa pole kama ninavyopewa na wageni. Siku nyingi hakuzungumza zaidi ya haja. Kisha akaniuliza, "Ile barua yangu, aliisikia?" Nikamwambia aliisikia yote. Akauliza alisema nini juu yangu. Nikamwambia hakusema kitu, alijilaumu mwenyewe. Faki akatoka nje, akakaa kwenye ngazi mpaka adhana. Zile waya nyekundu na nyeusi alikuwa nazo mfukoni, anazigusa anapoongea na watu. Kazini hatarudi, wameshaweka mtu.

Muziki hatukuwasha, nyumba ilikuwa ya msiba. Juzi, arobaini ilipokwisha kusomwa na jamaa wakatawanyika, alizitoa waya za Mutua akaweka zake. Akapima kwa mkono, akasogeza tofali moja kidogo. Akatandika mkeka pale kilipokuwa kitanda, akakaa, akaniomba kanda ya harusi. Mimi nilibaki mlangoni.

Mutindi, jambo moja sikumwandikia, nawe unalijua. Nilimwambia Mama alianguka jikoni. Sikumwambia alifuata nini jikoni, wala mimi nilikuwa wapi. Niliona amebeba ya kutosha, au labda niliogopa tu. Nilijiambia hajauliza, na hataweza kuuliza.

Vigelegele vikapita, wimbo wa kwanza ukapita. Halafu kutoka upande wa mlango, karibu kabisa na pale niliposimama, sauti yake ikauliza, "Mama ameshakula?"

Nikasema, siku aliyoanguka, hapana. Nikamwambia uji, maziwa, kanda mpya ya Mutua, upande wa kwanza na wa pili. Nilisema yote nikitazama spika, sikuweza kumtazama yeye. Hakunikatiza na hakuzima. Alikaa vile vile, mikono juu ya magoti, mpaka upande ule wa kanda ukaisha na kitufe kikaruka chenyewe.

Nilingoja aniambie nifunge nguo zangu. Akafuta uso kwa kikoi chake, bila kugeuka, akaniuliza, "Na wewe, umekula?"

Nikamwambia bado.

Habiba